Nilivyokifundisha Kiwanda Kizima Kumdanganya Mkaguzi

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, naanza kwa kujianika upya. Wenzenu walishanitukana, sitaki mbaki nyuma.

Jina langu ni Stanslaus. Nimekuwa katekista wa kigango chetu hapa Musoma kwa miaka kumi na minne, na kibarua wa kiwanda cha minofu ya sangara kwa miaka tisa. Vita ya huko mbali ilipofunga anga, ndege za mizigo ziliacha kubeba minofu yetu kwenda Ulaya, na sisi vibarua tukaambiwa nendeni nyumbani, mtapigiwa simu. Hatukupewa barua wala tarehe. Anga lilipofunguka, wanunuzi wakataka samaki wa miezi miwili kwa mkupuo, na kiwanda kikawaita nusu yetu tufanye kazi ya wote.

Ili mwendo uongezeke, mashine ya kuchuna ngozi ya samaki ikavuliwa kinga yake ya chuma. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, mashine hiyo ikamkata Rhobi vidole vinne vya mkono wa kulia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

Na mimi, kwa kuwa wiki hiyohiyo nilikuwa nimepewa cheo cha mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, kamati ambayo hakuna aliyewahi kuipigia kura, nikatia saini karatasi kwamba Rhobi aliumia kwao Butiama akikata kuni. Kwa saini hiyo Rhobi hana matibabu, hana fidia, hana kazi. Hapo ndipo nilipoishia. Ambaye bado hajanitukana, nafasi anayo.

Sasa sikilizeni ya wiki hii, maana hamjasikia kitu.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa Bwana Mugeta, afisa utumishi wetu. Ni mtu wa sauti laini sana, na anakuita "ndugu yangu" siku anayotaka kukumaliza.

"Ndugu yangu katekista, kuna shida imetokea."

"Shida gani, mheshimiwa?"

"Wanunuzi wa Ulaya wanaleta mkaguzi Alhamisi. Huko kwao wameanza kusema eti tangu hii vita, wafanyakazi wa nchi za mbali wanaonewa. Sasa wanataka kuhakikisha samaki wao hajamwonea mtu."

"Samaki?"

"Usinichekeshe. Mkaguzi anakujaga na maswali kumi. Haya hapa, nimeyapata kwa rafiki wa kiwanda kingine. Wewe si unafundishaga watoto komunyo ya kwanza?"

"Nafundisha."

"Wakiulizwa wanajibu?"

"Padri hajawahi kumrudisha hata mmoja."

Mugeta akacheka, akanisukumia karatasi. "Basi nifundishie na wa kwangu. Una siku tatu. Ukinivusha, na mkataba wa kudumu unao."

Mngependa niwaambie kwamba mkataba ndio ulionishinda. Hapana. Nilishindwa na sifa. Miaka kumi na minne nafundisha watoto chini ya bati lililotoboka na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nafundisha vizuri. Mugeta aliniambia, nikavimba, nikaichukua karatasi kwa mikono miwili.

Njia yangu ya kufundisha ni moja tu, ya namba. Natamka namba ya swali, darasa linajibu kwa sauti moja. Swali lenyewe mtoto hana haja ya kuhangaika nalo, maana padri naye huuliza kwa mpangilio uleule wa kitabu, mwaka hadi mwaka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyowapanga vibarua mia moja na arobaini kwenye kantini, kila siku baada ya zamu.

"Moja!"

"Tunafanya kazi saa nane, na Jumapili tunapumzika!"

"Mbili!"

"Kila mtu ana mkataba, na nakala anayo nyumbani!"

"Tatu!"

"Hapana, hatujawahi kuonewa!"

Magige, mbeba kreti, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi ni Msabato. Hiyo ya kupumzika Jumapili siitamki. Nitakuwa nimekosea imani."

"Magige, sisi hatupumziki siku yoyote."

"Najua. Lakini kama ni kudanganya, basi mimi nidanganye Jumamosi."

Wasabato wenzake wakamuunga mkono, na hawako wachache. Tulibishana nusu saa nzima juu ya siku ipi takatifu ambayo hatupumziki. Mwishowe nikaamua namba moja iwe na majibu mawili, kila mtu kwa kanisa lake, wote watamke kwa pamoja.

Akasimama Debora, mama wa watoto wanne, ambaye kazi yake ni kupanga minofu kwenye meza ya mashine ile. "Mwalimu, huo mkataba wenyewe unafananaga aje? Kama akiniuliza rangi?"

"Sema nyeupe."

"Na namba saba?"

Namba saba ilikuwa swali la walioumia. Jibu alilotuandikia Mugeta lilisema hakuna aliyeumia tangu ndege zianze tena kuruka. Debora ndiye aliyemfunga Rhobi mkono kwa khanga yake mwenyewe siku ile, na khanga hakurudishiwa.

"Saba!" nikaita.

Wakajibu. Debora alijibu akiangalia miguu yake. Niliona aibu, nawaambia kweli, aibu ya kuwasha mwili. Kisha nikaita namba nane.

Nyumbani mke wangu Eufrasia alikuwa ameshapata habari zote kisimani.

"Baba Gody, nasikia siku hizi unafundisha na watu wazima."

"Nawaandaa kwa mgeni."

"Ukishamaliza hizo namba kumi za Mugeta, uwafundishe na amri ya nane ya Mungu. Au hiyo haimo kwenye karatasi?"

Amri ya nane ni ile ya kushuhudia uongo. Nilijifanya naonja mchuzi.

Alhamisi ikafika. Kiwanda kilipigwa deki mpaka samaki wenyewe wangeteleza. Kinga ya mashine ilitolewa stoo, ikafutwa vumbi, ikafungwa kwa skrubu mpya. Akaletwa mwalimu wa sekondari amevaa suti kuja kutafsiri Kiingereza, na akina mama sita walipangwa getini na wimbo wa kumkaribisha mzungu.

Saa moja asubuhi alifika getini mwanamke mmoja Mwafrika, amejifunga kitambaa kichwani na ana begi dogo. Kabla hajafungua mdomo, mlinzi alimnyooshea kidole.

"Mama, vibarua huko pembeni. Usizibe, kuna mgeni anakuja."

Mwanamke akatazama foleni, akatazama mlinzi, akaenda kusimama kwenye foleni. Alisimama nyuma ya Debora.

Yaliyosemwa pale nilielezwa na Debora mwenyewe baadaye, analia.

"Dada, wewe mgeni hapa?"

"Mgeni, ndiyo."

"Majibu umeshajifunza?"

"Majibu gani?"

"Ee! Watakufukuza wewe. Leo kuna mkaguzi. Hebu shika haraka haraka, yako kumi. Namba moja, wewe ni Msabato au siyo Msabato?"

Akamfundisha. Yote kumi. Ya sita mgeni aliikosea, Debora akamrudisha mwanzo mpaka akapata. Debora ana moyo huo, hawezi kumwacha mtu aharibikiwe.

"Na hiyo saba usiikosee kabisa, maana ndiyo ya Rhobi."

"Rhobi ni nani?"

"Yule mashine ilimkula vidole. Hiyo hatuisemagi."

Saa tatu, foleni bado imezuiliwa nje kumngoja mgeni, Mugeta akatoka getini kwa mara ya tano. "Mgeni bado?"

"Bado, bosi," mlinzi akajibu. "Hajapita mzungu yeyote."

Mwanamke wa foleni akasogea mbele, akatoa kitambulisho kwenye begi. "Naitwa Hilda. Mimi ndiye mkaguzi. Asubuhi nilitaka kusema, nikaambiwa nisizibe."

Akina mama, kwa kuchanganyikiwa, wakaanza ule wimbo wa mzungu. Mwalimu wa suti akasimama aanze kutafsiri, akakosa cha kutafsiri. Debora alikaa chini palepale kwenye foleni.

Tukaingia kantini. Hilda akafungua daftari lake, akatuangalia kwa upole ambao haukunipendeza.

"Nashukuru kwa kunipokea. Leo nitaanzia mwisho. Wewe kaka, ukiwa na malalamiko unayapeleka wapi?"

Alikuwa Magige. Akasimama wima kama mwanajeshi. Mtu akifundishwa namba, cha kwanza kwake ni namba moja, hata ungemuuliza njia ya kwenda Tarime.

"Tunafanya kazi saa nane, na Jumamosi tunapumzika!"

"Malalamiko nayo yanapumzika Jumamosi?"

Magige akanitazama. Nikatazama dari. "Ndiyo," akasema.

"Na wewe mama, umewahi kuumia ukiwa kazini?"

"Kila mtu anayo nakala nyumbani."

"Nakala ya kuumia?"

"Nyeupe," akasema yule mama, kwa sauti ya kukata tamaa.

"Basi niambieni wote. Hii kamati yenu, nani aliichagua?"

Wote, kwa sauti moja, na kwa bidii: "Hapana, hatujawahi kuonewa!"

Mugeta alikuwa anajifuta shingo kwa leso. Hilda hakuandika kitu. Alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, kisha akaita kwa sauti yangu hasa, ile ya darasani:

"Saba!"

"Hakuna aliyeumia tangu ndege zianze tena kuruka!"

Watu mia moja na arobaini, bila hata mmoja kuchelewa. Katika maisha yangu yote ya ukatekista sijapata darasa lililojibu vizuri hivyo.

"Mimi sijauliza swali," akasema Hilda. "Mwalimu wenu ni nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Walinigeukia tu, wote kwa pamoja.

Hilda akaniomba tutoke nje, tukasimama karibu na meza za mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege, ambayo ndiyo mboga yetu. Nilitegemea anikaripie. Nilikuwa nimeandaa hata utetezi, kwamba mimi ni mtu mdogo, nilitumwa, na mengine mnayoyajua.

"Rhobi amebakiwa na mkono gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Alikuwa anatumia upi?"

"Wa kulia."

Utetezi wangu wote ukaniishia. Nikamwambia ukweli, kuanzia kinga iliyovuliwa mpaka saini yangu. Nililia, na sioni haya kulisema, maana haya nilizimaliza siku ile ya saini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwenyekiti, karatasi yako inasema aliumia nyumbani. Mdomo wako unasema kiwandani. Nikiandika maneno yako, Mugeta atatoa saini yako, na tutakuwa tumecheza. Niletee kitu ambacho hukukiandika wewe."

"Nikikileta?"

"Wanunuzi wamejifunga kwenye mkataba wao wenyewe. Ikithibitika aliumia kazini, wanalazimika kukibana kiwanda kimtibu, kimlipe fidia na kimrudishe kwenye kazi anayoiweza. Vita au si vita. Ripoti naituma kesho saa kumi jioni."

Kama sisi wengine tutabaki na kazi kiwanda kikibanwa, sikuuliza. Nilishasikia nilichotaka, nikavua aproni nikaondoka.

Siku ya ajali, gari la kiwanda halikumpeleka Rhobi hospitali yoyote ya Musoma. Lilimkimbiza hadi Bunda, kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi huko Manyamanyama, ambako hakuna anayetujua. Eti hospitali za mjini zilikuwa zimejaa. Alhamisi hiyohiyo, saa nane mchana, nilikuwa mlangoni pa zahanati hiyo.

Muuguzi wa zamu, kijana anaitwa Nathan, alimkumbuka Rhobi mara moja. Akafungua rejista, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea kwa sauti ya chini.

"Mwanamke, miaka ishirini na saba. Ameletwa na gari la kiwanda. Amevaa gamboti nyeupe na aproni ya plastiki. Jeraha lina magamba ya samaki."

"Uliandika mwenyewe?"

"Niandikiwe na nani? Yule dereva alinibana niandike amejikata na shoka akikata kuni. Nikamuuliza, hizo kuni za kwao zinakuwaga na magamba?"

Nilitaka kumkumbatia. "Nipe nakala, kaka yangu. Nipige hata picha."

Nathan akafunga rejista. "Hapana, mzee. Hii ni siri ya mgonjwa. Mwenyewe aje, au aniandikie kwamba amekubali. Nikikupa wewe leo, kesho nitampa na yule dereva."

Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Ndiye mtu wa kwanza katika mkasa huu wote aliyefanya kazi yake kama ilivyoandikwa, na mimi ndiye niliyetaka kumharibu.

Nikiwa kituoni Bunda natafuta gari la kurudi, Mugeta akapiga.

"Ndugu yangu katekista, uko wapi?"

"Nipo msibani," nikasema. Ndiyo, nikadanganya tena. Nilishazoea.

"Pole sana, ndugu yangu. Kaa huko uomboleze vizuri, wala usiharakishe."

Aliniita ndugu yangu mara mbili kwenye simu moja. Ningekuwa na akili ningeenda Butiama palepale. Nikaenda nyumbani kulala.

Asubuhi ya Ijumaa, saa nne, nilikuwa naingia kwenye mji wa mama yake Rhobi, Butiama. Kabla sijabisha hodi nikasikia vicheko.

Uani palitandikwa mikeka. Wamekaa Debora na akina mama watano wa kiwandani, wamevaa vitenge vyao vya kanisani, na mbele yao kuna sukari, miche ya sabuni na mchele. Walikuja kumpa pole mgonjwa kama inavyopasa, jambo ambalo mimi mwenyekiti sikulifanya hata siku moja. Rhobi alikuwa katikati yao, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko, anacheka kitu alichoambiwa. Niliguswa sana. Nikasema moyoni, kumbe watu wetu bado ni watu.

"Shikamoo, mwalimu," Rhobi akanisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na habari njema."

Nikaimwaga yote bila kukaa. Zahanati, rejista, magamba, mkataba wa wanunuzi, fidia. Nikamwambia tunachohitaji ni yeye tu, apande gari nami twende Bunda, saa kumi haijafika, na mkono wake utakuwa umepata haki yake.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Debora alianza kukunja pembe ya mkeka.

"Mwalimu, umechelewa," akasema. "Sisi tumeshamalizana, na picha Bwana Mugeta ameshatumiwa."

"Mmemaliza nini?"

Akatoa karatasi ndani ya pochi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa bluu, bado mbichi. Nikaangalia mkono wa Rhobi. Kwenye ncha ya bandeji palichomoza dole gumba peke yake, lile moja ambalo mashine ililiacha, na lilikuwa la bluu.

"Debora, wewe? Wewe uliyemfunga khanga?"

"Mimi." Safari hii hakuangalia miguu yake. "Bwana Mugeta alituita jana, ulipoondoka. Alisema yule dada akiandika habari ya Rhobi, wazungu wanahamia samaki wa Uganda, na sisi wote tunarudi nyumbani kama wakati wa vita. Mwalimu, wewe una mke anauza vitumbua. Mimi wakati ule wa vita watoto wangu walikuwaga wanakunywa uji siku moja, siku moja hawanywi. Na ni mimi niliyemfundisha yule dada namba saba! Kosa langu lile, nimekuja kulirudisha."

"Na Rhobi anapata nini?"

"Atapewa kazi ya kufagia getini. Mugeta amesema."

"Ameandika?"

Akairudisha karatasi kwenye pochi.

Nikamgeukia Rhobi, nikamuuliza kwa ukali ambao sikuwa na haki nao. "Mwanangu, kwa nini hukuningoja?"

"Si walisema wewe umeshakubali?" Alishangaa kweli. "Walikuja na ile karatasi yako ya kwanza wakanionyesha. Mimi kusoma sijui, mwalimu, lakini saini yako naijua. Ilikuwaga kwenye kadi yangu ya mafundisho, nilipokuwa mtoto. Nikasema kama mwalimu ametia saini, mimi ni nani?"

Nimetukanwa na wasomaji wa gazeti hili wiki nzima sasa. Hakuna tusi lililowahi kunipata kama maneno hayo.

Simu yangu ikaita. Ni simu iliyoharibika, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo uani kote walisikia.

"Mwenyekiti, ni Hilda. Nimetumiwa picha ya karatasi sasa hivi. Rhobi mwenyewe anakiri aliumia nyumbani. Anasema pia kwamba wewe umekuwa ukimfuata kwao kumshawishi adanganye ili mgawane fidia. Uko wapi?"

"Niko kwake," nikasema.

Kwa mara ya kwanza wiki nzima nilisema ukweli bila kufikiri, na ndio ulionizika.

"Uko kwake," Hilda akarudia taratibu.

Rhobi alikuwa amenyanyuka. "Hiyo ya kugawana sikusomewa mimi! Debora, hiyo mlinisomea?"

"Hata sisi hatukusomewa," Debora akasema, na nikamwamini.

"Nani huyo anayeongea?" Hilda akauliza.

"Ni Rhobi."

"Mpe simu. Ninyi wengine naomba mnyamaze."

Debora akapiga magoti palepale kwenye mkeka, akashika pindo la gauni la Rhobi. Wale akina mama watano nao walikuwa wamesimama, kila mmoja anamwangalia Rhobi mdomoni. Mama yake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Rhobi akaipokea simu kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya, nusura iponyoke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Rhobi. Pole sana. Nitakuuliza mara moja tu, na utakachosema ndicho nitakachoandika. Uliumia wapi?"

Rhobi akamtazama Debora pale chini. Kisha akanitazama mimi, na sikuwa na namba ya kumpa.

"Dada, na mimi kwanza nikuulize," akasema. "Nikikuambia ukweli, hawa wenzangu Jumatatu watafunguliwa geti?"

Hilda hakujibu. Nilidhani mtandao umekata, nikachungulia kioo cha simu. Haukuwa umekata, sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabu.

Rhobi akauliza tena.